Pendwa na Dhati

Wahakiki wetu wamezoea kuzigawa riwaya za Kiswahili mafungu mawili. Fungu la kwanza huliita riwaya dhati, na la pili riwaya pendwa. Katika fungu la kwanza huwekwa akina Euphrase Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na Shafi Adam Shafi. Katika la pili hutiwa hadithi za upelelezi, za ujasusi, za vitisho, na za mapenzi. Mgawanyo huu una faida yake, maana mwalimu lazima aanzie mahali. Lakini hebu tuyatazame majina yenyewe, ndugu msomaji. Kama kilichopendwa kimewekwa upande huu na kilicho dhati upande ule, basi tumekwisha kukubali kimoyomoyo kwamba watu wengi wanapokipenda kitabu, kupenda kwao ni dalili ya upungufu wa kitabu hicho. Hatusemi hivyo juu ya chakula, wala juu ya ngoma. Mama akisifiwa mtaani kwamba wali wake unapendwa, hakuna anayesema kuwa basi huo si wali wa dhati.

Jambo hili halikunisumbua sana mpaka nilipopewa kazi ya kuandaa kozi. Nafundisha fasihi katika chuo kimoja hapa nchini, na idara iliamua kwamba baada ya kozi ya riwaya ya upelelezi iwepo pia kozi ya riwaya ya mapenzi. Muhula mmoja, wiki 15, vitabu 5, na mchaguzi niwe mimi. Mwenzangu mmoja alicheka, akasema nimepewa kozi ya kupumzikia.

Swali lililonikabili lilikuwa la maadili kabla halijawa la fasihi. Je, mtu anaweza kumchagulia mwenzake kitabu cha mapenzi? Vitabu vingine tumezoea kuchaguliwa. Hakuna mwanafunzi aliyejichagulia kitabu cha hesabu. Hadithi ya mapenzi, hata hivyo, huishi kwa hiari. Mtu huinunua kwa fedha zake, mara nyingi fedha zilizokusudiwa jambo jingine. Huisoma usiku, au safarini, au huificha ndani ya daftari wakati mwalimu anafundisha mambo mengine kabisa. Ukiitoa huko ukaiweka kwenye orodha ya vitabu vya lazima, yenye mtihani mwishoni, umeigeuza. Ni kama ndoa ya kupangiwa: huenda ikawa njema, na nyingi zimekuwa njema, ila aliyeipanga ana deni la kueleza alitazama nini alipochagua.

Nikaanza kutafuta kipimo.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kimekwisha kutengenezwa na wenzetu wa ng'ambo. Uingereza iko kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa mwaka 1908, na Kanada iko Harlequin, ya mwaka 1949, ambayo iliinunua Mills & Boon mwaka 1971. Vijitabu vyao vilifika mpaka mabweni yetu, vikapita mkono kwa mkono hadi majalada yakang'oka. Mwaka 2003 mhakiki wa Marekani, Pamela Regis, alitoa kitabu cha kuifafanua riwaya ya mapenzi. Kwa maelezo yake, ni riwaya inayosimulia uchumba na kuposwa kwa shujaa wa kike, mmoja au zaidi. Akataja mambo 8 yasiyoweza kukosekana, tangu wawili hao wanapokutana, na kizuizi kinachowatenga, mpaka wanapoahidiana ndoa. Waandishi wa fani hiyo huko kwao hushikilia pia kwamba lazima hadithi iishe kwa furaha au angalau kwa matumaini.

Niliuchukua wavu huo nikautupa katika maji yetu, nao ulirudi karibu mtupu. John Simbamwene mwaka 1971 alitoa riwaya aliyoipa jina la Mwisho wa Mapenzi. Zainab Burhani, mmoja wa wanawake wachache wa kizazi chake walioandika riwaya kwa Kiswahili, mwaka 1987 alitoa Mwisho wa Kosa. Said Ahmed Mohamed alikuwa ametoa Utengano mwaka 1980. Huhitaji hata kufungua jalada ili uone kwamba hapa hatuendi harusini. Neno hilo "mwisho" katika vitabu vya Mills & Boon ni mahali wapenzi wanapofika; katika vyetu, mara nyingi ni mahali wanapokomeshwa.

Mwenye haraka angesema kwamba Waswahili, basi, hawana riwaya ya mapenzi. Huyo angekuwa sawa na mtu anayesimama ufukweni na kusema hatuna vyombo vya bahari kwa sababu jahazi halina injini. Nilikiweka kipimo hicho pembeni, nikabaki na jambo moja tu nililolipenda ndani yake: kinadai kwamba msichana ndiye shujaa.

Kipimo cha pili ni chetu wenyewe, na ni kikali zaidi. Tangu sekondari tunafundishwa kukikamua kila kitabu: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Kitabu kisichotoa ujumbe hutazamwa kama ng'ombe asiyetoa maziwa. Kwa kipimo hicho riwaya ya mapenzi huruhusiwa kuingia darasani kwa sharti moja tu, kwamba mapenzi hayo yawe yamemfunza mtu adabu. Na anayefunzwa adabu, kwa kawaida, ni msichana.

Mfano mkubwa ni Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Mwandishi alikuwa bado hajafika miaka 30, mzaliwa wa Ukerewe, na msichana wa hadithi yake ni wa Ukerewe vilevile. Baba yake, Zakaria, ni mkali kupindukia; hataki binti aonekane hata akizungumza na mvulana. Rosa anapotoka nje ya uzio ule hana alichofundishwa isipokuwa hofu, na wanaume wanaomzunguka wanalijua hilo upesi. Mwishowe mchumba wake anamwacha kwa kuwa si bikira, naye anajiua. Kitabu kilipotoka, kilizuiwa mashuleni kwa muda kwa sababu ya jinsi kinavyotaja mambo ya mwili. Baadaye kikaruhusiwa, kikafundishwa, na leo hakuna anayebisha kwamba ni riwaya dhati.

Lakini tazama kilivyoruhusiwa. Walimu walikitetea kwa hoja kwamba kinafundisha. Nimesahihisha insha nyingi ambamo mwanachuo anaandika kwa mwandiko mzuri kwamba Rosa alikufa kutokana na tabia yake, na kwamba ujumbe kwa wasichana ni kujitunza. Mimi naamini Kezilahabi alikuwa na hasira nyingine kabisa. Alimkasirikia Zakaria, na dunia iliyompa Zakaria haki ya kutojieleza, na wanaume waliokula mahali walipopakataa. Ndani ya kurasa zile yumo msichana aliyetamani kupendwa, na kutamani huko hakukuwa kosa. Kipimo cha ujumbe kinamtoa huyo na kumweka maiti mezani ili wengine wajifunze. Kama ndivyo tunavyochagua vitabu vya mapenzi, basi tunachagua vile vinavyoua vizuri.

Nataka kusimama kidogo kwenye mwaka huo wa 1971, maana una jambo jingine. Serikali ilikuwa imeutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Mwalimu Nyerere akataka wilaya 6 ziwe zimefuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa 1971. Miongoni mwa wilaya hizo ilikuwamo Ukerewe, na ilikuwamo Mafia. Kwa hiyo mwaka uleule ambao watu wazima wa Ukerewe waliitwa darasani wajifunze kusoma, ilitoka riwaya ya binti wa Ukerewe, na haikupita muda watoto wao wakazuiwa kuisoma shuleni. Vitabu vya kisomo vilivyotungwa katika mradi wa kanda ya ziwa, kule Mwanza, vilihusu pamba, migomba, ufugaji, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Vyote vilikuwa na manufaa, nami sivibezi. Ila swali la watu wangependa kusoma nini baada ya kujua kusoma halikuwa na kitabu chake.

Shangazi yangu alikuwa katika madarasa ya mwaka huo, kisiwani Juani. Kwa msomaji asiyepajua, ukiteremka Kilindoni, katika kisiwa kikuu cha Mafia, unakwenda Utende kwa gari, kisha unavuka kwa mashua kupitia ghuba ya Chole. Juani kiko ng'ambo, kati ya ghuba hiyo na bahari kuu. Shangazi alikuwa amekwisha kuhitimu Kurani, na aliweza kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila kigugumizi. Mwalimu wa kisomo alimwandika miongoni mwa wasiojua kusoma. Hakubishana naye. Anasema alikwenda kwa sababu moja: alitaka kujua yameandikwa nini kwenye karatasi za kufungia karanga.

Miaka baadaye, mpwa wake aliyekuwa akifanya kazi katika jahazi alimletea kijitabu kutoka Dar es Salaam. Kilikuwa hakina jalada, wala hakina kurasa za mwisho. Jina la kitabu na la mwandishi vyote vilikuwa vimekwenda na maji. Ni hadithi ya mapenzi. Shangazi akawa anakisoma kwa sauti alasiri, wanawake wanapokaa barazani kusuka ukili wa mikeka. Kikaisha, yaani kurasa zikaisha, nao wakataka kujua kilichofuata. Tangu hapo mwisho akawa anautunga yeye.

Nilimwuliza aliumalizaje.

"Inategemea, mwanangu," akasema. "Inategemea siku hiyo kakaa nani hapo."

Kama barazani alikuwapo msichana aliyeposwa, mambo yalitengemaa, wakaoana, mkwe akawa mtu mwema. Kama alikuwapo aliyetoka kupewa talaka, basi msichana wa kitabuni alirudi kwa mama yake, akafungua shamba lake, na bwana alipokuja kumbembeleza alikuta mlango umefungwa. Siku moja alimuua mwanamume kwa homa, kwa kuwa wote waliokuwapo walikuwa wamemchoka. Hakuna siku hata moja, asema, aliyomuua msichana. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwamba wangemzomea.

Nimesoma mengi juu ya wasomaji wa riwaya za mapenzi, na kitabu kilichonifaa kuliko vingine ni cha Janice Radway, Mmarekani, cha mwaka 1984. Yeye alifanya jambo ambalo wahakiki walikuwa hawajalifanya sana: aliwaendea wanawake wanaovisoma vitabu hivyo, katika mji mmoja aliouficha jina, akawauliza. Wakamwambia kwamba kusoma ni wakati wao. Kutwa nzima wao ni wa watu, wanapika, wanalea, wanauguza. Kitabu kikiwa mkononi, nyumba nzima inajua kwamba sasa mama hayupo. Radway mwenyewe alibaki na mashaka. Hakuwa na hakika kama kusoma huko kuliwapa nguvu, au kuliwapumzisha tu ili kesho waendelee kuibeba mizigo ileile. Nami sijaondokewa na mashaka hayo. Barazani kwa shangazi ukili ulisukwa, mikeka ikashonwa, ikauzwa, na hakuna aliyemwacha mume kwa sababu ya kijitabu kisicho na jalada. Lakini tofauti moja naiona: wale wa Radway walisoma kila mtu peke yake, ilhali hawa walisikiliza pamoja, na mwisho ulijadiliwa.

Juani pana hadithi nyingine ya harusi, mashuhuri kuliko ya kijitabu kile. Magharibi ya kisiwa yapo magofu ya Kua, mji uliostawi katika karne ya 18, wenye jumba la ghorofa, misikiti na makaburi, ambao Wasakalava kutoka Bukini waliuvamia mwanzoni mwa karne ya 19. Wasimulizi wana habari ya ugomvi wa zamani kati ya Kua na Kisimani, mji wa kisiwa kikuu. Watu wa Kisimani, inasemekana, waliunda chombo. Siku ya kukishua wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, chombo kikapita juu yao hadi majini. Watu wa Kua hawakusema neno. Waliacha miaka ikapita, wakajenga chumba chini ya nyumba, kisha wakawaalika wa Kisimani harusini. Wageni walipokuwa wanakula, wenyeji walitoka mmojammoja, na mlango ukajengwa. Namna za kusimulia zinatofautiana, ila harusi na chumba havikosekani.

Hadithi hii nimeisikia mara nyingi tangu utotoni, na nilipokuwa nikiwaza juu ya kozi yangu ndipo nilipogundua ninachokikosa ndani yake. Nikamwuliza shangazi: bibi harusi alikuwa nani? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mkeka. Hana jina. Hajulikani kama alikuwapo kweli, au harusi ilikuwa jina tu la mtego. Kama alikuwapo, hajulikani alimtaka bwana harusi au la, wala kama alijua kinachojengwa chini ya miguu yake. Hadithi ni ya wanaume, ya deni na malipo, na yeye ni sababu ya watu kukaribishwa.

Hapo nilipata kipimo changu, angalau cha kuanzia. Riwaya ya mapenzi, hata iliyoandikwa vibaya, hata ile ya karatasi za rangi ya majivu inayouzwa juu ya gunia, humpa bibi harusi jina na kumwuliza anataka nini. Sifahamu aina nyingine ya maandishi yetu inayofanya hivyo kila mara, kama sharti. Utenzi hauna lazima hiyo, wala tarihi, wala riwaya ya ukombozi. Nikaamua kwamba kitabu kitakachoingia kwenye orodha yangu lazima swali hilo liulizwe ndani yake kwa uzito. Jibu laweza kuwa la furaha au la msiba. Nisingechagua kwa jibu.

Kipimo hiki kiliniokoa na baadhi ya vitabu ninavyovipenda. Elvis Musiba, kwa mfano. Kufa na Kupona, ya mwaka 1974, bado huisoma bila kuiweka chini, na Willy Gamba hana mpinzani katika ujasusi wa Kiswahili. Ila wanawake wake hupita kama vituo vya basi. Nikamwachia mwenzangu wa kozi ya upelelezi.

Lakini kipimo kizuri kinaweza kupitisha kitu kibaya, na hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Nimesoma hadithi zaidi ya moja, za vijitabu na za magazeti, ambamo mwanamume anamlazimisha msichana, na kurasa chache baadaye msichana anagundua kuwa anampenda. Riwaya za Kiingereza za miaka ya 1970 zinao mtindo huohuo, tena kwa wingi. Katika hadithi hizo msichana ana jina, ameulizwa anataka nini, na mwandishi amemwekea kinywani jibu ambalo mbakaji yeyote angependa kulisikia. Je, hizo nizifundishe?

Mwenzangu, yuleyule aliyecheka, hakucheka tena tulipofika hapo. Yeye alisema nizitupe nje, na hoja yake haikuwa ya mchezo. Nchi hii, alisema, ina sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 25 kimeandikwa mahsusi kwa ajili ya watu wanaotumia madaraka yao kudai ngono. Vyuo vinajua kwa nini kifungu hicho kiliwahusu. Leo unasimama mbele ya wasichana wa miaka 20, mwenye uwezo wa kuwafaulisha na kuwafelisha, na unawaambia wasome kwa ajili ya maksi hadithi inayosema "hapana" maana yake ni "ngoja kidogo". Nami ni mwanamke. Akataka nifikirie akiifundisha kozi hiyo baada yangu mwalimu wa namna nyingine.

Nilimjibu kwa mambo mawili, na la kwanza lilikuwa jepesi. Kutupa nje ni tabia yenye historia. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya David Maillu wa Kenya. Mwaka 2007, Kano, kaskazini mwa Nigeria, ambako wanawake wa Kihausa walikuwa wamejiandikia na kujichapishia hadithi zao za mapenzi kwa miaka mingi, vitabu vilichomwa moto hadharani na wenye mamlaka. Mmoja wa waandishi mashuhuri wa fani hiyo, Balaraba Ramat Yakubu, alikuwa akiandika juu ya ndoa za kulazimishwa na waume wanaotelekeza watoto. Ukiwasha moto kwa ajili ya kitabu kichafu, hauchagui ukurasa.

La pili lilinichukua muda mrefu zaidi. Nilimwambia kwamba yapo mambo mawili tunayoyachanganya: kumzuia mtu asisome, na kumlazimisha asome. Shangazi angepata kijitabu cha aina hiyo, angefika kwenye ukurasa ule, na angeweza kukifunga, au kuuruka, au kubadilisha yaliyoandikwa, kama alivyozoea. Msomaji wa riwaya ya mapenzi ana nguvu hiyo wakati wote. Ndiyo nguvu inayoifanya iwe riwaya ya mapenzi. Mwanachuo wangu hana. Akikifunga kitabu, anafeli. Na katika darasa la watu 40 sina haki ya kudhani kwamba hakuna hata mmoja ambaye ukurasa ule kwake si hadithi.

Hata hivyo, nikichagua vitabu safi vitupu, nitakuwa nimewadanganya juu ya fani yenyewe. Wataondoka wakidhani kwamba mapenzi ya vitabuni ni kitu kisicho na jipu, kisha watakutana na jipu hilo kwenye kibanda cha magazeti bila mtu wa kuzungumza naye. Kwa hiyo nilifanya hivi. Sura moja ya aina hiyo imo katika kozi, kama dondoo, na haimo kama kitabu kizima. Inatangazwa wiki 2 kabla, kwa maneno ya wazi yanayoeleza kilichomo. Asiyetaka kuisoma anapewa dondoo nyingine, na haulizwi sababu. Mwenzangu aliona hayo ni madekezo. Mtu mzima, alisema, hatayarishwi kwa kitabu. Nadhani mtu mzima anastahili kurudishiwa uwezo wa kukifunga kitabu, ambao mimi ndiye niliyemnyang'anya kwa kukifanya cha lazima.

Orodha yenyewe ilikuja kuwa hivi. Rosa Mistika imo, na tunaisoma kwanza, ili tuondokane na habari ya ujumbe. Mwisho wa Kosa imo, kwa sababu imeandikwa na mwanamke wa Zanzibari, na kwa sababu nataka wanachuo wabishane kosa ni la nani. Vuta n'Kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, imo kwa furaha yangu mwenyewe: Yasmin anaozwa akiwa binti mdogo kwa Raza, mzee anayemzidi mara nyingi, anamkimbia, anampenda Denge, mwanasiasa anayewindwa na serikali ya kikoloni, na mwishowe maisha yake anayaendeleza na mtu mwingine. Kwa kipimo cha Regis ni vigumu kuieleza. Hafi, hatubu, na mapenzi yake ya kwanza hayafutwi na ya pili. Waliotazama filamu iliyotengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021 watakuwa wameiona sura yake.

Ya nne ni Mfadhili ya Hussein Tuwa, iliyotoka mwaka 2007. Hiyo ilinipa kisa cha kuchekesha. Tuwa ni mwandishi wa fani ya pendwa, naye haoni haya juu yake. Lakini Mfadhili iliwahi kuwa miongoni mwa vitabu teule vya kidato cha 5 na 6. Wanachuo wangu kadhaa waliisoma huko. Waliniambia kwamba waliimaliza kwa usiku mmoja au miwili, kabla mwalimu hajaifikia, na wengine walilia. Kisha zikaja notsi, na orodha ya dhamira, na wahusika mmojammoja na sifa zao, na kufikia mtihani walikuwa hawataki hata kuiona. Kitabu kilikuwa pendwa kwa siku mbili na dhati kwa miaka miwili. Nimekiweka ili tuzungumze juu ya hilo.

Nafasi ya tano nilitaka kuitoa kwa kijitabu cha shangazi. Nilimwomba nikichukue Dar es Salaam nikakitoe nakala, nimrudishie. Alikataa. Macho yake yamefifia sana sasa. Anayesoma ni mjukuu, naye anakaa pembeni kusahihisha. Alisema kinatumika, na kama nakitaka nije nikae barazani kama wengine. Ndipo nafasi ile nikaiacha wazi: kila mwanachuo alete hadithi moja ya mapenzi anayoipenda kweli, aliyoichagua mwenyewe, popote alipoipata. Wengi walileta simu, maana hadithi zao wanazinunua sehemu kwa sehemu, na malipo wanayatuma kwa simu hiyohiyo. Wachache walileta vijitabu. Mvulana mmoja wa Mtwara alileta barua za wazazi wake, kwa ruhusa yao, nasi tukatumia saa nzima kujadili kama barua zinaweza kuitwa riwaya.

Kamati ya mitihani ilinirudishia mpango wangu ikiuliza nafasi hiyo ya tano itatahiniwaje, iwapo hakuna kitabu cha pamoja. Niliandika kwamba kila mmoja ataieleza hadithi aliyoileta na kueleza kwa nini anaipenda, nami nitamwuliza maswali. Wakaandika tena, wakitaka kuona mwongozo wa kusahihishia, pamoja na majibu yanayokubalika. Jambo hilo bado tunaandikiana.